Ramani za mtandaoni na data za mahali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya naulizwa na watu wa kila aina, mwanafunzi, mwalimu, mtu wa shirika, fundi wa programu, hadi mtu aliyepotea njia akawa na hasira na simu yake. Nimeyaweka pamoja. Mengine nimejibu kwa kirefu manake ndo yanayotesa watu, mengine nimeyapitia juu juu.

Data za mahali ni nini, si ndo ramani yenyewe?

Hapana. Ramani ni picha, data ni kile kilichojificha nyuma ya picha. Ukiona kialama cha hospitali kwenye simu yako, nyuma yake kuna mstari mmoja tu wa maandishi, jina, aina ya huduma, na namba mbili zinazosema iko wapi, yaani latitudo na longitudo. Barabara ni namba kama hizo nyingi zilizotungwa kama shanga kwenye uzi, na jengo au ziwa ni uzi huo huo uliofungwa, mwisho ukakutana na mwanzo, wenyewe wanaita poligoni. Na hii si tofauti ya kisomi tu, picha huwezi kuiuliza kitu. Ramani ya bango la ukutani utaikodolea macho hadi kesho na haitakwambia shule zipi ziko zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye maji, ila ukipata data yake kompyuta inakujibu kabla hujameza mate.

Mtu wa kawaida anafaidika na nini?

Kuna mfano wa zamani sijawahi kuuchoka. London mwaka 1854, kipindupindu kinaua watu eneo la Soho na madaktari wengi wanaamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow akaanza kufuatilia vifo, nani kafa, alikuwa anaishi wapi, alikuwa anachota maji wapi, vikaonekana vimezunguka pampu moja ya mtaa wa Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Ile ramani yake maarufu yenye vijistari vyeusi ilikuja baadaye! Kilichofanya kazi siku ile ni orodha ya vifo na mahali vilipotokea, data tupu.

Wa karibuni ni Haiti. Tetemeko lilipiga 12 Januari 2010, ramani za mtandaoni za Port-au-Prince zilikuwa na mapengo kibao, mamia ya watu kutoka nchi mbalimbali wakakaa kwenye kompyuta zao wakachora barabara, majengo yaliyoanguka na kambi za waliokosa makazi wakifuata picha za setilaiti zilizoachiwa bure, na ndani ya siku chache waokoaji wakawa wanaipakia ramani ile kwenye vifaa vyao vya GPS na kutembea nayo.

Google Maps si ipo, OpenStreetMap ya nini tena?

Google Maps unaitazama, OpenStreetMap unaichukua. Ile ya kwanza, iliyoanza 2005, ni ya kampuni, kuangalia ni bure ila data ya chini yake hupewi ukaondoka nayo. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza 2004 na Steve Coast, kipindi ambacho data nzuri za ramani kule zilikuwa na leseni ngumu na bei ya kukatisha tamaa, na inaendeshwa kama Wikipedia, yeyote anafungua akaunti anaediti, na yeyote anaweza kupakua data ya dunia nzima akitaka. Simwambii mtu aache kimoja ashike kingine, mimi mwenyewe nikitaka kujua foleni ikoje natumia Google. Ila mtu anayepanga chanjo na anataka orodha ya makazi yote yaliyo mbali na zahanati, huyo anahitaji faili mkononi, kukodolea skrini hakutamsaidia.

Onyo moja hapa, manake kila wiki kuna anayefanya: usinakili majina wala nukta kutoka Google Maps ukapachika OpenStreetMap. Leseni hairuhusu, wakigundua wataifuta kazi yako yote na siku zako zimeenda bure.

Mbona eneo letu kwenye ramani ni peupe?

Kwa sababu hakuna aliyechora. Basi. Peupe haimaanishi hapana kitu, na hapa ndo watu wengi wanapigwa, manake mtu wa ofisini ambaye hajawahi kufika huko anaona peupe anasema safi, barabara yetu itapita hapa.

Kibera, kule Nairobi, ndo mfano unaotajwa sana. Hadi 2009 mtaa mkubwa namna ile, umejaa watu, kwenye ramani za umma ulikuwa karibu hauna kitu, vijana wa humo humo wakachukua vifaa vya GPS wakapita vichochoro kwa miguu wakiweka vyoo, maji, shule, zahanati, mradi ukaitwa Map Kibera. Nachopenda hapo ni kwamba setilaiti ingeweza kuonyesha mabati, ila isingejua bati lipi ni shule na lipi ni choo cha kulipia. Mtu wa hapo anajua.

Nimepakia nukta zangu zote zimetua baharini. Nimekosea wapi?

Karibu kundini, hakuna mtu wa ramani ambaye hajawahi kuzamisha kazi yake. Anza na hawa washukiwa.

Wa kwanza ni kugeuza namba. London iko latitudo 51.5 na longitudo -0.12, ukizigeuza tu London inahamia Bahari ya Hindi, mashariki ya Somalia huko. Na si uzembe wako peke yako, watu tukizungumza tunaanza na latitudo, lakini faili la GeoJSON, aina ya faili la data za mahali, kwa kanuni zake za 2016 linataka longitudo itangulie, kwa hiyo hata aliyebobea anageuza siku moja moja.

Ukiona nukta zimerundikana Ghuba ya Guinea, hapo ndo latitudo sifuri na longitudo sifuri. Maana yake ni kwamba visanduku vyako vilikuwa vitupu na programu ikaviweka sifuri. Watu wa fani wamepatania jina, wanapaita Null Island, kisiwa hakuna, ni maji tu.

Alama ya kutoa ikipotea, sehemu iliyo kusini mwa Ikweta inarukia kaskazini. Hii utaijua haraka manake ramani inakuwa kama imejikunja katikati. Na kama kompyuta yako imepangwa kuandika desimali kwa mkato badala ya nukta, namba itasomeka vibaya au isisomeke kabisa.

Halafu kuna hili la dakika, ambalo ndo baya kuliko yote kwa sababu halikutupi baharini, linakuweka karibu karibu na ukweli na wewe unaamini. Digrii 6 na dakika 30 si 6.30, ni 6.5, manake digrii moja ina dakika 60. Tofauti yake ni kama kilomita 22. Niliwahi kutumwa kuhakiki orodha ya visima iliyokuwa na kosa hili, simu inasema umesimama juu ya kisima kabisa, ukiangalia chini ni shamba la mtu, tumezunguka na dereva mchana kutwa tunauliza tunauliza, mpaka mzee mmoja akatuambia, "Wanangu, nyie mnatafuta kisima au mnatafuta kazi?" Jioni ndo nikafungua daftari la aliyekusanya nikaona vile vialama vya dakika. Aliandika sawa kabisa! Aliyeingiza kwenye kompyuta ndo alivifuta.

GPS ya simu inakosea kiasi gani?

Ukiwa nje, anga wazi, kama mita 5 hivi. Kati ya maghorofa, ndani ya nyumba au chini ya miti mizito inazidi. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, Marekani walikuwa wanaivuruga makusudi kwa watu wasio wanajeshi, kosa linaweza kufika mita 100, wakaacha Mei 2000. Kwa hiyo ukifika kwenye kitu usibonyeze haraka, toka nje, subiri kile kiduara cha buluu kipungue, ndo uchukue lokesheni.

Na tafadhali, desimali. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, ukiwa na tarakimu tano baada ya nukta umeshafika kwenye mita moja. Anayeniletea tarakimu kumi na mbili zilizotoka kwenye simu ananiletea mapambo.

Tumepewa data lakini ni PDF. Tufanyeje?

Pole. Kwanza rudi ukaombe faili la asili, kwa upole, manake mara nyingi lipo, aliyekupa PDF alikuwa anaona anakurahisishia. Sema hivi hivi, "naomba jedwali lenyewe, Excel au CSV, hata kama halijapangwa vizuri." Lisilopangwa vizuri ni bora mara mia kuliko zuri lisiloguswa.

Kuna ofisi moja ilinipa orodha ya vituo vya afya, kurasa nyingi, zimepigwa chapa, zikatiwa muhuri, zikaskaniwa tena zikiwa zimepinda. Nikachapa upya usiku kwa usiku. Nilipomaliza ndo nikagundua kituo kimoja kimo mara tatu, kwa tahajia tatu, na kila tahajia ina idadi yake ya vitanda. Nikapeleka masahihisho, nikaambiwa asante, mwaka uliofuata ikatoka PDF ile ile na makosa yale yale. Walitoa data kweli, ila mlango wa kurudishia masahihisho haukuwepo.

Nihifadhi kwa faili la aina gani?

Kama ni nukta tu, CSV inatosha, yaani jedwali la maandishi matupu, safu ya latitudo, safu ya longitudo, na mengine. Kila mtu anaifungua. Kama kuna mistari na poligoni na inaenda kwenye tovuti, GeoJSON. Ukiletewa yale mafaili ya ramani ya .shp, wenyewe wanaita shapefile, kumbuka faili moja halitoshi, linatembea na ndugu zake .shx na .dbf, na .prj ndo inayosema namba zimepimwa kwa mfumo gani, akikutumia .shp peke yake amekutumia gari bila injini. Afu majina ya safu humo yanakatwa yakizidi herufi kumi, ndo maana utakuta "idadi_ya_w" na hujui ni wanafunzi au wagonjwa.

Programu ya kufungulia yote hayo ni QGIS, bure, ipo tangu 2002.

Leseni ni ya lazima? Si nimeshaiweka hadharani?

Lazima. Kuiweka hadharani bila kusema watu wanaruhusiwa nini, mtu makini haigusi, anaogopa, na asiye makini anaichukua bila kukutaja. Andika sentensi moja inayoeleweka na utaje leseni inayojulikana. OpenStreetMap wanatumia leseni iitwayo ODbL tangu Septemba 2012, kwa ufupi chukua, tumia hata kibiashara, taja ulipotoa, na ukiboresha hiyo data yenyewe ukaitoa kwa watu basi iachie kwa masharti yale yale.

Usichanganye data na picha za ramani zinazotoka kwenye seva zao. Data ni ya wote, ila seva zinaendeshwa kwa michango, ukielekeza apu yenye watumiaji wengi kwenye seva hizo utafungiwa, na ni haki yao.

Kwa nini kisiwa cha Greenland kinaonekana sawa na Afrika kwa ukubwa?

Dunia ni mviringo, skrini ni bapa, lazima kitu kivutwe. Ramani nyingi za mtandaoni zinafuata projeksheni, yaani njia ya kuibapisha dunia, iliyotokana na ya Mercator ya mwaka 1569, iliyotengenezwa kwa ajili ya mabaharia, inatunza mwelekeo ila inavimbisha vilivyo karibu na ncha. Kwa uhalisia Afrika inaingiza Greenland kama mara 14. Kutafuta njia haina shida, ila usipime eneo la msitu kwa kuangalia tu.

Nataka ramani ya rangi kuonyesha tatizo liko wapi. Kuna mtego?

Upo, na karibu kila mtu anaingia. Ukipaka rangi kwa idadi ya wagonjwa, utapata ramani ya mahali watu wengi wanapoishi, kila tatizo duniani litaonekana liko mjini. Gawanya kwanza kwa idadi ya wakazi, wangapi kwa kila 1,000 au 10,000, ndo upake. Pili, eneo kubwa lenye watu wachache linajaza skrini na linatisha kuliko eneo dogo lililojaa watu. Na usitumie nyekundu na kijani pamoja, kuna watu wengi, hasa wanaume, hawatofautishi hizo rangi mbili na hawatakwambia.

Sehemu isiyo na data ipe rangi ya kijivu na uandike "hakuna data". Usiipe rangi ya sifuri, nakuomba.

Picha za setilaiti za bure zipo?

Zipo. Landsat, inayopiga picha tangu 1972, iliachiwa bure 2008, na Sentinel-2 ya Ulaya inapita kila baada ya siku chache. Ila zina mipaka, kidoti kimoja cha Landsat ni mita 30 ardhini na cha Sentinel-2 ni mita 10, kwa hiyo utaona msitu, mafuriko na mashamba, hutaona paa la nyumba yako likiwa na umbo. Za kuona nyumba zinauzwa, au tumia zile ambazo OpenStreetMap wameruhusiwa kuchorea.

Siku hizi kompyuta si inachora yenyewe?

Inachora, na imesaidia sana. Google walitoa data ya majengo ya Afrika mwaka 2021, mamia ya mamilioni, yote yametambuliwa na mashine kutoka kwenye picha. Lakini mashine inaona paa, haijui ndani kuna nini, inaweza kudhani jiwe kubwa ni nyumba, au ikaruka nyumba ya nyasi iliyofanana rangi na udongo. Ichukulie kama rasimu, afu mtu anayepajua apitie.

Kuna vitu havitakiwi kuwekwa kwenye ramani?

Ndiyo, na hapa usinibishie. Jina la mtu na nyumba yake, hapana. Nyumba salama wanakojificha waliokimbia ukatili, hapana, hata kama wewe unaona unasaidia. Viota vya ndege adimu na mahali wanyama wanaowindwa hupumzika, hapana.

Na usidhani ukiondoa majina umemaliza. Januari 2018 watu waligundua kwamba ramani ya joto (ile inayong'aa pale watu wanapopita sana) ya Strava, apu ya mazoezi, ambayo haikuwa na jina hata moja, inaonyesha kambi za kijeshi jangwani, manake askari waliokuwa wanakimbia kila asubuhi walichora mizunguko ya uzio kwa miguu yao. Kama data inahusu watu, punguza usahihi, weka kwa kata au kwa mraba wa kilomita, na waulize wenyewe kabla.

Hatuna anwani za mitaa. Mtu anipate vipi?

Tuma pini, au tumia Plus Code, zile herufi na namba unazoziona Google Maps ukishikilia kidole mahali. Msimbo wa herufi na namba kumi ni kieneo cha kama mita 14 kwa 14, mfumo wake uko wazi, na hakuna irabu ndani yake, walizikwepa ili msimbo usije ukaunda neno la ajabu kwa bahati mbaya.

Watumiaji wetu bando ni shida. Ramani itafunguka?

Ramani za kwenye tovuti zinaletwa vipande vipande, dunia nzima ni kipande kimoja, ukivuta karibu hatua moja vinakuwa vinne, ukifika hatua ya 18 dunia ina vipande zaidi ya bilioni 68. Ndo maana kusogeza sogeza kunakula bando. Wape apu za ramani kama Organic Maps au OsmAnd, wapakue eneo lao mara moja kwenye Wi-Fi, baada ya hapo wanatafuta njia bila mtandao kabisa. Na kwa tovuti yako, weka orodha ya maandishi pembeni ya ramani, ifunguke kwanza.

Tumetengeneza tovuti nzuri ya ramani, leya arobaini (tabaka za data zinazopangwa juu ya ramani), hakuna anayeingia. Tatizo nini?

Tatizo ni leya arobaini.

Niliwahi kukaa pembeni ya mama mmoja tukijaribu tovuti ya namna hiyo, kazi niliyopewa ni kuangalia tu bila kusema. Alikuwa anatafuta zahanati yenye huduma ya usiku. Ikafunguka ramani ya nchi nzima, rangi rangi, akagusa, ikasogea, akavuta kwa vidole viwili ikamrusha mpaka kwenye maji, akashika simu mbali kidogo kama mtu anayesoma bila miwani, akasema, "Sasa mimi mwenyewe niko wapi humu?" Akairudisha mezani, akampigia simu dada yake, dakika moja jibu kalipata.

Tangu siku hiyo nikiitwa kwenye mradi swali langu ni moja, nani atauliza nini. Siandiki leya yoyote hadi nijibiwe. Yule mama alihitaji majina matatu, umbali, saa za kufungua na namba ya simu ya kituo, ramani yenyewe ingekuja chini kwa anayetaka. Afu weka tarehe, kila kituo kiandikwe kilihakikiwa lini, manake mtu akifika usiku akakuta kufuli hatarudi tena kwenye tovuti yako, na ana haki. Na kitufe cha "hapa pamekosewa" kiwe kikubwa, na nyuma ya kitufe awepo binadamu anayesoma. Nimeona vitufe vinavyotuma ujumbe kwenye barua pepe ya mtu aliyeacha kazi zamani.

Nimeona kosa OpenStreetMap ila sijui kuediti.

Fungua ramani, nenda mahali penyewe, bonyeza kialama cha kuongeza noti, uandike. Kuna watu wanazunguka wanazifanyia kazi. Ila "pamekosewa" haimsaidii mtu aliye mbali, andika kama unamwelekeza mgeni kwenye simu: daraja limebomoka, gari halipiti, kwa miguu unapita chini kwenye mawe, nimeliona leo asubuhi.